Hitilafu Katika Nasaba ya Dagane

Kwa ulimi, Dagane Nunow hakuwa na mshindani Garissa nzima. Alikuwa dalali wa mifugo, na aliweza kumsimamisha fahali chongo mbele ya mnunuzi kutoka Nairobi, akamsifu upande wa jicho zima mpaka mnunuzi akasahau kuzunguka upande wa pili. Lakini mifugo ilikuwa kazi tu. Raha yake hasa ilikuwa nasaba. Mpe kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, muulize yeye ni nani, halafu tafuta mahali pazuri pa kukaa, maana ataanza na jina lake, aje la baba yake, aje la babu yake, apande hivyo hivyo kwa mababu ishirini na ushee bila kumeza mate, na akifika juu kabisa atakutazama usoni aone kama umeingiwa na baridi. Watu wengine mjini nao waliwajua mababu zao, bila shaka. Mtoto wa Kisomali hufundishwa majina hayo kabla hajafundishwa kufunga viatu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na adabu ya kungoja waulizwe.

Mwaka ule wa tisini na nane mvua za El Nino zilikuwa zimeshakula barabara, homa ikaua mbuzi na kondoo, na soko la mifugo likafungwa. Dagane akabaki na ulimi usio na kazi. Ndipo alipoanza kuchoka. Alichoka asubuhi kabla hajafanya lolote, jambo ambalo mkewe Khadijo hakuliona geni. Kisha akaanza kutokwa na jasho usiku hadi shuka linalowa, akila matonge mawili ya wali tumbo linajaa, na chini ya mbavu za kushoto akahisi kitu kigumu kimekaa bila kukaribishwa. Kwenye kibanda cha chai aliwaambia wenzake kwamba ameshika mimba na anangoja kuona mtoto atakuwa wa ukoo gani. Walicheka. Yeye pia alicheka, kisha akashika ubavu, maana kucheka kulimuuma.

Khadijo ndiye aliyemsukuma hadi hospitali, akamfikisha mlangoni, akaenda kukaa upande wa wanawake. Daktari alikuwa kijana wa Malindi, mpole, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alimbonyeza tumbo, akampima malaria akaikosa, na damu ilipoangaliwa kwenye maabara chembe nyeupe zikaonekana zimezidi kupita kiasi. Hapo wakamdunga sindano kwenye mfupa wa nyonga, wakatoa uboho kidogo, ukapelekwa Nairobi, na kutoka Nairobi ukasafirishwa ng'ambo. Dagane mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wa Liboi. Aliposikia kwamba uboho wake umepanda ndege, aliona kwamba sehemu yake iliyo bora imetangulia.

Aliporudi kuambiwa kinachomsumbua, alijitahidi kukaa kiume. Daktari alimweleza kwamba ni saratani ya damu, ile inayoanza taratibu, na kwamba viko vidonge vya kupunguza hizo chembe. Dagane aliitikia kwa kichwa. Saratani alishaisikia, na mambo ya Mungu hayana mjadala. Kisha yule kijana, kwa wema wake, akataka kumweleza chanzo. Vitabu vyake viliyaita mambo hayo kwa majina ya kuvunja meno, naye akatafuta neno safi ambalo mzee yeyote angelielewa.

"Mzee," alisema, "chanzo chake ni hitilafu katika nasaba."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu wa Malindi akisema nasaba, na hasa akiwa daktari, ana maana ya zile nyuzi ndogo ndogo zilizomo ndani ya chembe za mwili, zinazoamua jicho liwe la rangi gani. Msomali akisikia nasaba hasikii uzi. Kwao nasab ni heshima ya ukoo, ndiyo inayomfanya mtu aketi mbele au nyuma, apewe mke au anyimwe, na kumwambia mtu mzima kwamba nasab yake imepungua ni tusi lililowahi kutoa watu visu viunoni. Daktari aliendelea. Alichora nyuzi mbili kwenye karatasi, akaonyesha zilivyokatika na kubadilishana vipande. Akasema watu hawakatiki mahali pamoja, na ugonjwa hufuata pale uzi ulipokatikia: wapo ambao bandama huvimba kama boga na maradhi yakaenda mbio, na wapo ambao maradhi hutembea miaka kadhaa kama mtu asiye na haraka. Ndiyo maana uboho umekwenda ng'ambo, kuangalia uzi wake yeye umekatikia wapi. Maneno yote hayo yalimpita Dagane juu ya kichwa. Aliona midomo ikichezacheza, na kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu.

Nyumbani, mtaa wa Waberi, alijilaza kwenye mkeka akaanza kutafuta mwizi. Alimchukua kila babu mmoja mmoja akamhoji. Baba yake alikufa mzee, hana hatia. Babu yake aliumwa na nyoka, hilo halihesabiwi. Alipofika kwa baba wa babu akakwama. Akajaribu anayefuata, akakwama tena. Ndipo alipogundua jambo lililomtia haya hata akiwa peke yake chumbani: wale wazee wote aliokuwa akiwatembeza vibandani kila asubuhi, hakujua habari ya hata mmoja. Hakujua waliishi vipi, waliumwa nini, nani alikuwa mkarimu na nani alikuwa mchoyo. Alichojua ni majina. Alikuwa amepiga domo miaka thelathini juu ya watu asiowafahamu. Mwishowe akamtwika lawama mmoja aitwaye Alio, kwa sababu tu jina lake lilikuwa fupi na yeye kila mara alipolitaja alihisi kama limekatwa. Dagane alijiambia kwamba hata mahakama ya mbuzi ingekuwa na ushahidi zaidi.

Angeyanyamazia hayo yote kama si Filsan. Filsan alikuwa binti yake mkubwa. Alifanya kazi Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, mkalimani wa shirika moja la misaada. Siku nzima hukaa kati ya daktari wa kigeni na mama aliyevuka mpaka kwa miguu, akichukua neno huku na kulipeleka kule bila kuongeza wala kupunguza. Alisifiwa kwa hilo. Alikuwa ameposwa na Mustafe, mtoto wa Abdille, mwenye duka la sukari na vitambaa sokoni, na wawili hao walikuwa wanapendana, ingawa walijitia hamnazo mbele za watu. Mahari ilishakubaliwa. Kilichobaki kilikuwa siku.

Sasa Dagane akawaza: ikiwa nasaba ina hitilafu, hitilafu hiyo imo ndani ya Filsan, na itakuwa ndani ya watoto wa Filsan, na Abdille ananunua mnyama bila kuonyeshwa upande wa pili. Yeye aliyeuza fahali chongo bila kupepesa, safari hii dhamiri ilimsuta. Alipiga moyo konde, akaenda dukani kwa Abdille kusema ukweli.

Abdille alikuwa na wanaume wanne watano wanakunywa chai juu ya magunia. Dagane alisalimia, akajibiwa. Akafungua mdomo aseme kwamba ni mgonjwa na ugonjwa wenyewe ni wa ukoo. Mdomo ukakataa. Wale wanaume walikuwa wamewasikia mababu zake mara ngapi? Angeanzia wapi kuwaambia kwamba mzigo wote ule una doa? Akatafuta njia ya katikati, maneno ambayo ni kweli lakini hayamvui nguo.

"Abdille, tuyaache mambo ya watoto," alisema. "Nasaba zetu hazilingani."

Ilikuwa kweli tupu, kwa jinsi alivyoifahamu yeye. Yake ndiyo iliyokuwa chini. Lakini nani mwenye akili timamu, akimsikia Dagane Nunow akisema nasaba hazilingani, angedhani anajishusha? Abdille aliweka kikombe chini. Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Dagane aliona walivyoelewa, akaona namna uso wa Abdille ulivyofungika, na alikuwa na nafasi tele ya kusahihisha. Hakusahihisha. Aliaga akatoka, na njiani alijiita punda, kisha akawaomba radhi punda, kwa sababu punda angalau hana mdomo wa kumfanyia fitina.

Mwisho wa mwezi Filsan alikuja nyumbani, akakuta mji mzima unajua asilolijua yeye. Alimuuliza baba yake kwa nini. Dagane akamwambia kwamba mambo ya wazee yana uzito wake. Aliuliza tena. Dagane akaanza kuwataja mababu, na safari hii akakosea njiani, akamruka mmoja. Filsan hakupiga kelele. Aliendelea kumwekea chai, kumtandikia mkeka, kumfulia kanzu, na hakumwambia neno lolote lisilokuwa la lazima. Usiku alisikika akilia polepole upande wa pili wa ukuta wa bati. Dagane alilala macho, bandama yake ikimsukuma ubavuni, akatamani ugonjwa ungekuwa wa mbio.

Alivimeza vile vidonge kwa siri, akimwambia Khadijo ni vya tumbo. Ndipo daktari alipotuma salamu kwamba majibu yamerudi kutoka ng'ambo, na kwamba ni vizuri aje na mtu wa nyumbani. Alikwenda peke yake. Aliketi, akavua kofia, na kabla daktari hajafungua kinywa akauliza lile lililomkosesha usingizi. Kwa Kiswahili chake cha sokoni alisema: "Dagtari, niambie bole bole. Ni babu gani?"

Daktari hakuelewa. Dagane akarudia: babu gani ndiye aliyeleta hii hitilafu, kwa sababu yeye anamshuku mmoja anayeitwa Alio. Kijana yule alimtazama, na pole pole akafahamu alichokuwa amekifanya kwa neno lake zuri. Alishika kichwa. Kisha akasema, safari hii kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba hakuna babu. Dagane alizaliwa na nyuzi nzima. Siku moja, ukubwani mwake, ndani ya mfupa wake mwenyewe, chembe moja tu ilivunjika uzi na kuunga vibaya. Chembe hiyo ikazaa, na wana wake wakazaa, na hao waliojaa ndani ya damu sasa ni kizazi chake. Hakuwapokea kutoka kwa mtu.

"Na watoto wangu?" Dagane aliuliza.

"Watoto hawahusiki, mzee. Hawawezi kurithi. Hiyo iko kwenye damu yako tu, na itabaki kwako."

 Dagane akauliza kama ni sawa na sumad, ile alama ya moto anayopigwa ngamia, kwamba jike amepigwa alama lakini ndama wake anazaliwa ngozi safi. Daktari wa Malindi hakuwa na habari za ngamia, ikabidi afafanuliwe, na alipoelewa akasema ndiyo, ni vivyo hivyo hasa. Yaani Dagane alikuwa amevunja ndoa ya mwanawe kwa alama iliyokuwa kwenye ngozi yake mwenyewe. Na zaidi ya hapo, yeye, mwenye kujivunia kuwa wa mwisho katika safu ya mababu, alikuwa sasa babu wa kwanza wa ukoo mpya wa chembe chafu, wasiojua hata kunywa chai. Alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua.

Daktari akavuta kiti karibu. Akasema sasa wafike kwenye jambo lenyewe, lile la mahali uzi ulipokatikia, kwa sababu hilo ndilo litakaloonyesha ugonjwa huu una tabia gani na utakwenda kwa mwendo gani. Lakini alikuwa akizungumza na kiti. Dagane alishafika kwenye lango, kofia mkononi, anaelekea sokoni kwa mwendo ambao bandama yake haikuupenda hata kidogo.

Wanaume walewale walikuwa juu ya magunia yaleyale. Abdille alimwona akaendelea kupima sukari. Dagane alisimama katikati ya duka akihema, jasho linamtiririka, na lile domo lililouza nusu ya ng'ombe wa mkoa likawa zito kama la mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu.

"Abdille, siku ile nilisema nasaba zetu hazilingani."

"Ulisema," Abdille akajibu.

"Nilikuwa na maana kwamba yangu ndiyo iliyopungua."

Hakuna aliyekunywa chai. Katika mji ule mtu anaweza kukiri wizi, anaweza kukiri deni, lakini maneno yale hakuna aliyewahi kumsikia mtu akijitamkia mwenyewe mchana kweupe. Dagane akaendelea kabla haya hazijamziba mdomo tena. Aliwaeleza yote: saratani ya damu, neno la daktari, jinsi alivyowahoji wazee wa watu makaburini, jinsi alivyoogopa kumpeleka Filsan na doa kwenye nyumba ya mwenzake, na jinsi alivyokosa ujasiri wa kusema hivyo, akaliacha tusi likae juu ya Abdille kwa sababu halikuwa juu yake. Akawaambia kwamba hata hilo doa halikuwepo. Ugonjwa ni wake peke yake, haukutoka kwa mtu na hauendi kwa mtu. Filsan ni mzima. Kama kuna upungufu, uko kichwani mwa baba yake. Alipomaliza, alingoja kufukuzwa, na aliona kwamba angestahili.

Abdille alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo alikuwa akiyapima kama sukari. 

"Utaishi?" aliuliza.

 Wiki zote zile Dagane alikuwa amehangaika na waliokufa na ambao hawajazaliwa. Hilo hakuwa amelifikiria kabisa. "Sijui," alisema. "Daktari alikuwa anataka kuniambia, nikatoka."

Mmoja wa wale wanaume alianza kucheka, akaona uso wa Abdille, akaacha. Abdille aliuliza kama Filsan anajua. Hajui. Mama yake je? Anajua ni tumbo. Abdille alipangusa mikono yake kwenye kikoi, akatoka nyuma ya meza, akamshika Dagane bega.

"Harusi ipo," alisema. "Lakini simwozeshi mwanangu msichana ambaye baba yake anaumwa naye hajui. Nenda kamwambie, walaal, ndugu yangu. Leo."

Filsan alikuwa uani anachambua mchele. Dagane aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza mbali, kama kawaida yake, na mambo ya mvua na mifugo. Filsan akamwambia bila kuinua macho: aabo, anzia kwako. Basi akaanzia kwake. Filsan alisikiliza mpaka mwisho kwa ule uso wake wa kazini, uso usioongeza wala kupunguza. Habari ya kwamba harusi ipo ilimpita kama vile imesemwa kwa mtu mwingine. Aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa akimfasiria hospitalini.

"Ninajua Kiswahili," Dagane alisema.

"Unajua Kiswahili cha mbuzi." Aliweka ungo chini, akajitanda vizuri. "Vaa viatu."

Daktari alipowaona alisimama. Alijitetea kwamba mzee aliondoka kabla mazungumzo hayajaisha, na sasa hajui arudie wapi. Filsan akavuta viti viwili, akamkalisha baba yake, akakaa katikati kama anavyokaa Ifo. "Anzia pale alipokukimbia," alisema.

Daktari akaanza, polepole, akisimama kila sentensi. Uzi wa mzee umekatikia mbali kuliko wa wagonjwa wengi. Aina hii ni nadra. Wachache ambao habari zao zimeandikwa wamekwenda nayo kwa utaratibu, na inalingana na hali yake yeye, maana bandama haijavimba sana na chembe haziongezeki kwa fujo. Akimeza vidonge na kupimwa, anaweza kwenda nayo miaka. Lakini hakuna wa kumwekea dhamana. Siku moja inaweza kubadilika tabia, na ikibadilika huenda kusiwe na la kufanya.

Filsan alifasiri kila neno. Dagane alikuwa ameshaelewa yote kwa Kiswahili, Kiswahili cha mbuzi kilitosha kwa hayo, lakini alimwacha afasiri. Lilipofika lile la siku moja, aliomba kimoyomoyo kwamba binti yake aliruke. Hakuliruka. Alilisema lote, kwa sauti ileile, macho yake kwenye meza.

Dagane alikohoa. Akasema kwa Kisomali, na hakuna babu aliyeingizwa: "Muulize kama nitamwona mtoto wako."

 Daktari alingoja, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akauliza mzee amesema nini. Filsan alijipangusa uso kwa pembe ya mtandio.

"Anauliza," alisema, "arudi lini."

"Kila mwezi," daktari akajibu. "Arudi kila mwezi."

Dagane alikuwa amesikia vizuri sana kilichoulizwa. Alivaa kofia yake, akamwambia daktari kwamba atarudi.